Mifuko ya Koti Jeupe

3 Machi, asubuhi

Mwanangu Daktari,

Salamu nyingi. Hata kwenye simu mimi naandika barua kamili, zile salamu zenu za herufi mbili siziwezi. Mimi mzima, cherehani nayo nzima. Wewe je?

Nimelifua lile koti jeupe ulilolisahau likizo. Unajua kila koti ninaloshona nafunga mifuko kwa uzi wa kushikiza, isilegee mpaka mwenyewe aufumue. Koti nilikushonea miaka miwili iliyopita. Uzi wangu bado upo, mifuko yote mitatu! Daktari gani huyo asiyetia hata kalamu mfukoni? Usinione mjinga.

Haya, nijibu hili. Mteja wangu mmoja jana tumbo lilimshika kitovuni. Leo maumivu yako chini kulia, karibu na mfupa wa nyonga, na kila saa anakimbilia kukojoa. Maumivu gani hayo yanayohama kama mpangaji? Kama kweli unasoma, utajua.

Mama yako

3 Machi, jioni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hali yako? Natumaini u mzima wa afya. Mimi sijambo, ila umenikwaza. Kwenye chumba cha maiti tunakojifunzia tunavaa aproni, koti linabaki kwenye begi. Ndiyo maana.

Huyo mteja ana kidole tumbo. Utumbo una neva zake, lakini hazijui anwani. Zinaingia uti wa mgongo mahali pamoja na neva za kitovuni, basi ubongo unakisingizia kitovu. Kidole kikivimba mpaka kikagusa utando wa ukuta wa tumbo, huo una neva zinazojua mahali hasa, na maumivu yanahamia kulia. Kwa wengine kidole kinaning'inia ndani ya nyonga, jirani na kibofu. Kikivimba, kibofu nacho kinasumbuka.

Umeridhika sasa?

Mwanao

4 Machi, asubuhi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi hivyo hivyo. Umeeleza vizuri, kama kitabu kabisa, na hapo ndipo ninapozidi kupata wasiwasi. Mteja anasema alfajiri maumivu yamekata ghafla, ila anatetemeka kwa baridi na jua lote hili. Maana yake nini?

Mama yako

4 Machi, mchana

Mama,

Shikamoo, habari za afya yako? Najua huyo mteja hayupo, huo ni mtego. Nani amekutia maneno, shangazi? Maumivu yakikata, si amepona! Anywe maji ya moto, alale. Nina mtihani.

Mwanao

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Siku tano kimya, simu hupokei. Umeninunia?

Nakuambia kweli. Nilifeli mwaka wa kwanza, nikaondolewa hata koti sijalitumia. Natoa fotokopi kwenye kibanda mbele ya lango la chuo. Yale maelezo ya neva niliyanakili kutoka kurasa za mwanafunzi mmoja aliyekuja kutoa nakala. Leo amerudi na kurasa zinazofuata. Zinasema maumivu yakikata ghafla na homa ikaingia, huenda kidole kimepasuka. Mama, kama mteja yupo, akimbizwe hospitali leo hii. Naogopa hata kuuliza ni nani.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mteja alikuwa mimi. Jirani alinikuta nimeanguka chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wamenipasua, wakasafisha usaha uliokuwa umeshuka mpaka kwenye nyonga. Sasa naweza kukaa, na nakula kidogo.

Nilijua tangu nilipouona ule uzi. Kufeli kwako kungeniuma siku mbili, ya tatu nikakuuliza sasa utafanya nini. Kunidanganya ndiko kulikonikasirisha, na hasira bado ninayo. Nami nina kosa langu. Badala ya kwenda hospitali nilikaa nakutega kwa tumbo langu mwenyewe. Loo, ningekufa nimekukamata!

Ila hili lazima niliseme. Muuguzi wa zamu aliniuliza, "Mama, hujambo?" Nikamjibu sijambo, kama ilivyo kawaida. Hakuondoka. Akavuta kiti, akanitazama, akauliza tena, nikalia. Wewe kila barua uliniuliza hali yangu, na hukungoja jibu hata mara moja.

Njoo Jumamosi. Mifuko nimeshaifumua. Ukifika ukae, halafu uniulize.

Mama yako