Diski ya Tano

Koboko

Kaka Hamdani,

Salamu nakupa kwa sababu dini inaniamuru. Hapa mvua imenyesha na mbuzi wako amezaa.

Kompyuta ya studio yako huko Arua imekufa, ndipo ukakumbuka una dada. Unazitaka zile DVD tano ulizoniachia, ulimobana mfumo wako mzima wa kompyuta, hiyo Linux, na video za harusi za wateja, ukavigawa vipande vitano. Nne nimempa mtu wa bodaboda akuletee. Usinipigie kelele, najua bila ya tano hakuna kinachofunguka, wewe mwenyewe ulinieleza.

Ya tano iko chini ya mto anaolalia mama. Tangu Ramadhani hajainuka kitandani, wala hujamuulizia. Njoo uichukue mwenyewe. Huna haja ya kutaja jina. Siku hizi mama humwita kila anayeingia Hamdani.

Hasifa