Ada ya Lifti

Baba Shadia,

Nimekwenda Makere kumwona shangazi, narudi jioni. Maharage yapo jikoni, uyapashe tu. Chai uliyoisusa asubuhi iko kwenye chupa. Mbuzi umwingize mvua ikianza.

Tena sikukucheka wewe, mume wangu. Nilimcheka dalali wako kwenye simu. Fleti ya Dar tuinunue, mwanasheria tumlipe, halafu kila mwezi ada ya mlinzi, ya taka, hadi ya lifti! Na sisi tutakaa ghorofa ya chini kabisa.

~~Usinunue.~~

Haya, nunua. Ila tukihamia, lifti nitaipanda kila alfajiri, nigonge mlango mmoja mmoja huko juu nikiwaamkia "Mwakeye!" kama huku Kasulu, mpaka wenyewe waombe tusilipe.

Mama Shadia