Mashine Niliyoifungia Kabatini

Jumapili jioni, Novemba 2008. Joto la Mtwara leo halina adabu. Feni ya hapa intaneti kafe inazungusha joto lilelile, na mimi moyo mzito.

Nimetoka hitima ya Mzee Nandope, tarishi wa ofisi yetu. Alhamisi alianguka koridoni, mafaili mkononi. Moyo wake ulisimama na hakuamka tena.

Kila mtu anasema nilijitahidi. Ni kweli. Wenzangu walikuwa wanammwagia maji na kumnusisha kitunguu wakidhani ni kifafa. Mimi nilipiga magoti nikamkandamiza kifua kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, mpaka gari la kumpeleka hospitali likaja. Daktari alinisifu mbele ya watu.

Ila kuna jambo hawalijui. Wewe unayesoma hapa mtandaoni hunifahamu, ndiyo maana naweza kukuambia.

Mashine ya kuushtua kwa umeme moyo uliosimama, tunayo.

Wafadhili waliotufundisha walituachia walipofunga mradi wao. Inaongea yenyewe: bandika hapa, usimguse mgonjwa, bonyeza. Walisisitiza itundikwe ukutani, mtu yeyote aifikie. Mtunza stoo ni mimi. Nikafikiria vumbi, nikafikiria wezi, nikaifungia kabatini na kufuli juu. Si ndivyo tunavyofanya sote? Kitu kizuri tunakifungia, wageni wakija tunakitoa. Ilitoka mara moja tu, siku ya wakaguzi. Nikaifuta, nikairudisha. Wenzangu niliofundishwa nao walishahamishwa, na waliobaki wanadhani ni kompyuta.

Alhamisi ufunguo niliuacha nyumbani Chuno, kwenye suruali nyingine.

Kabati lilikuwa hatua kumi kutoka pale alipolala. Ningesema tu livunjwe, wangelivunja. Sikusema. Namkandamiza mzee wa watu, kichwani nawaza barua ya onyo: nani kaamuru mali ya ofisi ivunjwe, na ufunguo ulikuwa wapi. Naona aibu hata kuandika. Akili iliponirudia, gari lilikuwa limeshafika mlangoni.

Labda asingepona hata hivyo. Siku tatu hizi najiambia hivyo, na usingizi hauji.

Kwetu ni Tukuyu, kwenye baridi na migomba. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, sina mke, sina ndugu, na watu wa ofisini tukishasalimiana asubuhi basi. Mzee Nandope peke yake ndiye aliyenionea huruma. Aliniita mtu wa ndizi, akanicheka navyoogopa joto, na kila Jumapili nikitoka kanisani nilipita kwake Magomeni ya hapa mjini kula ugali wa muhogo na kisamvu. Mji mzima huu, nyumba ninayoingia bila kualikwa ni ile moja.

Aisee, nalia hapa kafe na dada wa kiti cha jirani ananitazama.

Leo baada ya kisomo nilitumiwa ujumbe kwamba mjane, Bi Somoe, ananiita. Yuko eda, kwa hiyo hakutoka. Nilisimama koridoni kwake, naye akazungumza kutoka nyuma ya pazia la chumba. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyempigania baba yako. Mungu akulipe. Jumapili usiache kuja, sahani yako ipo."

Nikaitikia amina.

Nilisema amina! Nikavaa viatu vyangu nikaondoka kama mtu mwema.

Sasa nimeamua, na naandika hapa ili nisije nikajigeuza. Kesho asubuhi naitundika ile mashine koridoni, halafu naenda kwa mkuu wa ofisi namweleza yote. Barua waniandikie tu. Nikitoka hapo nitakwenda Magomeni, nitasimama mbele ya lile pazia, nimwambie Bi Somoe kwamba dawa ya mumewe niliifungia mimi, na nilinyamaza.

Jumapili ijayo sijui nitakula wapi.