Ua la Tatu Kutoka Kifungoni

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Salamu hizi zikukute mzima, na goti lako liwe limeacha ukaidi. Vipi kazi ya kufua hapo hotelini? Bado unasimama kutwa, au wamekupa kile kiti walichokuahidi? Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini anakula vizuri, na ukitaka kujua hali ya kaka yako tazama sahani yake.

Bibi naye mzima, isipokuwa macho. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba jicho la kushoto limekwisha, na la kulia huenda lisimalize mwaka. Mwenyewe amelipokea vizuri kuliko sisi. Anasema ameshaona vya kutosha, na vingine angependa asingeviona.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu ya picha yake ya sebuleni, ile amekaa kitini na gauni jeusi lenye kola ya lesi. Bomba la jirani wa juu lilipasuka, maji yakashuka ukutani, na kona ya picha imeota ukungu. Aliyeipiga alishafariki, hatuna pa kwenda kusafisha nyingine. Nikasema nitaichora upya, kubwa, kwa chaki za rangi, kabla ukungu haujapanda usoni na kabla jicho la Bibi halijafunga.

Najua unacheka. Mimi ni mwandika vibao vya maduka. Miaka kumi na minne naandika "Karibu" na "Tumefunga" kwa rangi ya mafuta na rula. Chaki hizi ni kitu kingine kabisa: laini kuliko za shuleni, ukizishika zimekujaa kucha, ukipiga chafya umepoteza shavu la mtu. Basi kila Jumamosi naenda kwa mama mmoja mstaafu, aliyekuwa akitengeneza picha zilizochakaa kwenye makumbusho. Ananifundisha. Maneno yake ni machache na mengi si ya kusifu.

Uso wa Bibi haukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni lesi. Mara ya kwanza nilichora uzi mmoja mmoja kwa chaki nyeupe iliyochongwa. Nilipomaliza, Bibi alionekana kavishwa wavu wa banda la kuku. Mwalimu akanifungulia kitabu cha picha za wakubwa wa miaka mia nne iliyopita, wanaume kwa wanawake, kola zao za lesi pana kama sinia, akanitaka nisogeze pua. Kwa karibu hakuna uzi hata mmoja. Kuna weupe uliopakwa mwembamba, weusi wa nguo ya chini uliodonolewa juu yake, na vitone vichache vyeupe pale mwanga unapogonga. Rudi nyuma hatua tatu, lesi hiyo hapo, utadhani unaweza kuifua. Usichore nyuzi, akasema, chora matundu.

Nikaanza upya, tundu kwa tundu, na kioo cha kukuzia mkononi. Leo ile kola naijua kuliko kiganja changu. Ina maua kumi na moja, kila ua petali sita. Isipokuwa la tatu kutoka kifungoni, upande wa kulia, lenye tano. Nikaona hiyo ni kazi ya maji. Nikaongeza ya sita, nikajipongeza kwa uangalifu wangu.

Juzi nikampelekea Bibi mchoro dirishani, na kioo chake cha kukuzia. Akahesabu kwa midomo, ua kwa ua. Kisha akasema, "Mume wangu, hapa umenisingizia. Hili lina tano."

Nikamwambia petali nyingine imeliwa na maji. Akanijibu kwamba maji yamekuja mwaka huu, na ua hilo lina tano tangu wewe, Shangazi, una miaka kumi na miwili.

Hapo nikakumbuka uliyonisimulia nilipokuwa mdogo. Kwamba ulimfumia mama yako kola kwa siri, miezi minne, na alipoipokea akahesabu maua, akasema la tatu limekosewa, lifumuliwe. Ukamwachia kola na sindano, hukuitazama tena. Uliniambia kila kilichopita mikononi mwako yeye alikifumua. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya miaka yako tisa ya kutokuja nyumbani, ingawa wewe husema ni kazi.

Nilimuuliza. Hakukana. Alisema ni mshonaji, na mdomo wake ulizoea kukosoa kabla ya kushukuru. Asubuhi iliyofuata, baada ya wewe kumwachia kola, alikaa na mkasi akashindwa kukata. Siku ya kupigwa picha, mpiga picha aliona kosa, akataka kuizungusha kola ili ua lijifiche kisogoni. Bibi akamkatalia, akataka likae mbele. Nikauliza kwa nini hakukuambia miaka yote hii. Akashangaa kweli. Alidhani umeshaliona, si picha iko ukutani?

Ua lenyewe ni dogo kama punje ya dengu, Shangazi. Nani angeliona? Nilikasirika, halafu nikamhurumia, na wewe nikakuhurumia zaidi.

Karatasi ikishiba chaki haishiki tena, kwa hiyo ilibidi nifute bega lote kwa brashi kavu. Kazi ya wiki tatu ikawa vumbi sakafuni, mke wangu akaifagia. Sasa nimerudi kwenye ua la kwanza. Nikifika la tatu nitaweka tano.

Wasalimie wale pacha, na yule rafiki yako mpishi anayekuazima koti. Baba anakusalimu, mke wangu pia, na mdogo wangu Kipara anauliza kama ile redio bado unaitumia. Mungu akupe nguvu za miguu na moyo mwepesi.

Bibi yuko hapa ubavuni. Nimemuuliza niandike nini kwa niaba yake. Amesema niandike kwamba ua halikufumuliwa. Nikauliza kama kuna la kuongeza. Amefikiri, kisha amesema niongeze kwamba jicho la kulia bado linaona.

Mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye hata unapokawia,

Kibao