Mchele wa Ifakara Wagoma Kilimanjaro

Dada Veronika, shikamoo.

Theluji imetufungia kibandani huku mlimani siku ya pili, na mkate umekwisha. Baba Roza, mpishi wa msafara, kalala, kichwa kinamgonga. Nikashika sufuria mimi, nikijigamba kwamba mchele wa kwetu haujawahi kunishinda. Maji yakachemka asubuhi nzima, wali mbichi!

“Mama Roza, leo tunatafuna kokoto?” wapagazi wakacheka.

Kumbe huku juu maji huchemka kabla hayajawa moto sawasawa. Nikauponda kwa jiwe, nikapika uji kama wa Roza. Waliocheka wamelamba vikombe.

Mbusu Roza, kisha umwogeshe, hata akilia. Mama asisikie habari za wali. Ukimwambia, nitamtajia aliyeunguza wali wa harusi yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Roza