Nilivyoshiba Mbele ya Mashine

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Viwandani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Bado linagoma ukipanda ngazi? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila sauti ya kutugombeza ipo palepale.

Shangazi, leo nakuandikia kwa furaha. Kiwandani tulitangaziwa kwamba mfanyakazi yeyote anaweza kuonja ufundi kwa juma moja: kuchomelea, kukereza vyuma, kuunganisha mitambo. Mimi karani, ninayeshtuka hata stepla ikilia, nilijiandikisha kabla woga haujaamka.

Mwalimu wetu ni fundi mmoja wa kike, wanamwita Mama Cheche. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine ya kukereza. Chuma kinazunguka, kisu kinakisogelea na kukimenya kama kiazi. Jasho likanitoka. Akaniambia, "Haya, kula kidogo."

Nikamjibu kwa adabu zote, "Ahsante mama, nimeshiba."

Karakana nzima ilicheka hadi mashine zikazimwa. Kumbe kwa mafundi, kisu kikipunguza chuma, umekula! "Msimlazimishe mgeni," akapaza sauti mchomeleaji mmoja, "ataanza na chai!" Tangu hapo jina langu ni Nimeshiba.

Ijumaa tulipewa mtihani: kukereza pini iingie kwenye tundu la gurudumu. Ikihitaji nyundo, umeharibu, ikichezacheza, umeharibu. Nilikula chuma unene wa unywele tu, nikapima, nikala tena, nikapima, hadi Mama Cheche akaniuliza kama naishonea suti. Kisha nikaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia taratibu, kimya, ikatulia. Shangazi, nilipiga kelele! Mimi!

Nimepewa nafasi ya kujifunza ukerezaji mwaka mzima, kuanzia mwezi ujao. Mkuu wa ofisi ameniruhusu. Aliyebaki ni baba. Ameshautangazia mtaa kwamba binti yake ni mtu wa kalamu. Jana nilipomgusia tu alisema, "Nilikusomesha ushike kalamu au grisi?" Nikanywea.

Basi nilikaa kukuandikia ili nikuombe unisemee, maana neno la dada yake mkubwa halipingi. Nilipofika hapa kwenye barua nikaona aibu. Nitaendeshaje mashine nikishindwa kusema na baba yangu? Nikaweka kalamu, nikaenda sebuleni, nikamwambia yote bila kupumua.

Akaitazama mikono yangu. Mwishowe akauliza, "Hivyo vyuma vikikuangukia mguuni? Wanawapa viatu vigumu, au tutafute wenyewe?"

Ndiyo hajaitamka, Shangazi, lakini nani huulizia viatu vya safari anayoikataa? Ukimpigia simu usimshawishi. Msifu tu kwamba ana moyo mpana, akose njia ya kurudi nyuma!

Nisalimie mapacha, na binamu Redio. Yeye mwambie anyamaze mpaka nianze. Mungu akuwekee afya na miguu mepesi.

Ni mimi nikupendaye,
Kifungua mimba wa kaka yako.