Asimwe Amemenya Ndizi Kimwani

Dada Koku,

Nakuandikia huku mwanangu mchanga amelala kifuani, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Nimechoka, dada. Lakini leo nimechoka kwa furaha, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Ulipotutoka nilimchukua Asimwe wako nikamleta hapa kwangu Kagondo. Baba yake bado yuko kisiwani Goziba kwenye uvuvi, tunapata salamu tu. Nilidhani ni msiba unaomfanya avae sweta hata jua likiwaka. Siku moja nikamkuta anafua, nikaiona mikono yake. Alama juu ya alama. Alikuwa anajikata mwenyewe. Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni.

Halafu nikakosea. Nilificha visu vyote bila kumwambia neno. Fikiria, nyumba ya Kihaya, ndizi zinamenywa kila siku, binti wa miaka kumi na sita amekaa anamtazama mama mdogo akimenya ndizi peke yake, mtoto mgongoni. Siku ya nne akaniuliza, "Kwani mimi ni mgeni hapa?" Wiki hiyo hiyo alijiumiza tena.

Tukaanza kwenda hospitali kila Alhamisi. Nesi akaniambia, usimfiche, mwambie. Nikamwambia, na sikubembeleza: "Visu nitavitunza mimi, Asimwe, maana nakupenda na sitaki kukuzika. Lakini kumenya tutamenya wote. Na yakikujaa moyoni niite, hata kama niko chooni." Akacheka puani, kama wewe.

Haikuwa rahisi. Kuna siku aliniita, kuna siku hakuniita. Kuna siku nilimfokea, ikabidi nikamwombe radhi. Tangu Pasaka ananiita kila mara. Tunakaa kwenye mibuni nyuma ya nyumba mpaka hali ile ipite.

Juzi Jumamosi tulikwenda Kimwani, harusi ya mtoto wa shangazi yetu. Wanawake wamezunguka rundo la ndizi, na midomo yao unaijua. Asimwe akavua sweta, akapaka mafuta mikononi kwa ajili ya utomvu, akaketi katikati yao. Nikamkabidhi kisu, nikakaa karibu. Shangazi akamshika mkono. "Waitu, mwanetu, mikono hii imepatwa na nini?"

Nilitaka kumjibia. Akanitangulia.

"Nilikuwa najiumiza, bibi. Sasa natibiwa. Nisogezee mkungu mwingine, huu umeisha."

Shangazi akausogeza mkungu, akasema, "Basi menya vizuri, maganda yako yanaondoka na chakula." Wakacheka, naye akacheka. Mimi nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Nesi anasema huenda hali ile ikarudi siku moja. Ikirudi itatukuta wawili. Nakuahidi, dada, sitamwacha na sitamficha jambo tena. Wewe lala salama. Mwanao ana kwao.

Mdogo wako,
Byera